GLOW au mashujaa wa Marvel na DC: uanze na ipi?

GLOW (Gorgeous Ladies of Wrestling), tamthilia ya Netflix kuhusu mieleka ya wanawake, ina sehemu 30, nyingi za nusu saa na ushei, na yote humalizika kwa saa 17 hivi. Jessica Jones, ya mashujaa wa katuni za Marvel, ina sehemu 39 zinazokaribia saa nzima kila moja. Watchmen ya HBO, iliyotoka katuni za DC, ina 9; WandaVision ina 9 na Ms. Marvel 6, nazo ni za Marvel pia. Zote tano zina mwanamke katikati, zote zina vazi la kazi au jina la kazi, na zote humfikisha huyo mwanamke kwenye pambano. Ndiyo maana hutiwa kapu moja, na anayeanza huchukua iliyo karibu na mkono. Matokeo yake mpenda ngumi analala kwenye sehemu ya pili ya WandaVision, na mpenzi wa tamthilia za ndoa na usaliti anaikimbia GLOW kwa sababu ameambiwa ni mieleka tu.

Kipimo cha kuzitenganisha kipo, na kila aliyekulia vibanda vya video anakijua: mtazame adui. Anampigaje steringi, anamwachia nini mwilini, na akishaondoka, hadithi inabaki na nini mkononi?

GLOW ni kitu gani

Ilianza Netflix tarehe 23 Juni 2017, ikarudi 2018 na 2019, sehemu 10 kila msimu. Waliobuni ni Liz Flahive na Carly Mensch. Hadithi inaanzia Los Angeles mwaka 1985. Ruth Wilder (Alison Brie) ni mwigizaji asiyepata kazi; tukio la kwanza kabisa anasoma maneno mazito kwenye usaili, kwa moyo wote, halafu anaambiwa amesoma nafasi ya mwanamume. Ya mwanamke ilikuwa ni kumwarifu bosi kwamba mkewe yuko kwenye simu. Anaangukia kwenye usaili wa kipindi cha mieleka ya wanawake cha Sam Sylvia (Marc Maron), mtengeneza filamu za kutisha za bei poa. Rafiki yake mkubwa, Debbie Eagan (Betty Gilpin), aliyekuwa nyota wa tamthilia ya mchana kabla ya kuzaa, anagundua kwamba Ruth amelala na mumewe. Anamfuata mpaka ukumbi wa mazoezi na kumvamia ulingoni. Sam anaangalia ule ugomvi wa kweli na kuona kipindi chake kimeshapatikana.

Hayo yote yamo kwenye sehemu ya kwanza, kwa hiyo hakuna utamu ulioharibiwa hapa. Na tayari unaona hii ni tamthilia ya marafiki wawili waliokosana ambao kazi yao ni kubebana kila siku.

Kipindi chenyewe kilikuwepo kweli. David McLane alianzisha GLOW ya asili katikati ya miaka ya 1980, ikaonyeshwa tangu 1986 hadi 1990, na ilirekodiwa kwenye hoteli ya Riviera, Las Vegas. Ilikuwa na Mmarekani mzalendo aliyeitwa Americana na Mrusi mbaya aliyeitwa Colonel Ninotchka. Tamthilia ya Netflix ilichukua mifupa hiyo tu, nyama ikawa mpya: Debbie anakuwa Liberty Belle, Ruth anakuwa Zoya the Destroya, na maisha yao nje ya ulingo hayakunakiliwa kwa mtu yeyote. (Wapenzi wa DC watacheka: Liberty Belle tayari lilikuwa jina la shujaa wao tangu miaka ya 1940.)

Kipigo chenyewe

Hapa ndipo GLOW inaziacha nyingine mbali, na ili uone kwa nini, ni lazima ujue mieleka ya kulipwa inavyofanyika.

Anayeanguka chali hufundishwa mambo manne kabla ya mengine yote. Kidevu kibane kifuani. Mgongo wa juu utue wote kwa mpigo mmoja, si kiuno wala tako. Mikono ipige turubai kwa viganja, ikiwa imetanuka, ili mshindo usambae. Pumzi itoke wakati wa kutua. Anayepeleka kiganja nyuma ajishike huumiza kifundo cha mkono; anayesahau kidevu, kisogo ndicho kinachogonga. Na ulingo si godoro: ni mbao juu ya fremu ya chuma, sponji nyembamba, kisha turubai. Ule mshindo mkubwa unaousikia ni mbao zinazolia. Unauma, ila unauma kwa kipimo.

Sasa mnyanyuo. Unapomwona mtu akibebwa, akageuzwa hewani na kutupwa chali, kazi kubwa imefanywa na aliyebebwa. Ndiye aliyeruka wakati mwenzake anaanza kuinua, ndiye aliyeshindilia mkono kwenye paja la mbebaji kujisukuma juu, ndiye aliyekaza mwili badala ya kulegea. Akigoma kuruka, mbebaji anabaki amekumbatia gunia la chumvi. Wanamieleka wa Marekani pia wamezoea kushika upande wa kushoto, mkono wa kushoto na mguu wa kushoto, ili hata wawili wasiowahi kukutana wajue kitakachofuata bila kuambizana.

Kwa hiyo kila pigo ni mapatano. Ruth hawezi kumnyanyua Debbie kama Debbie hataki kunyanyuliwa, na Debbie hataki hata kumtazama usoni. Msimu wa kwanza mzima umejengwa juu ya tatizo hilo moja la kiufundi, na waandishi hawakulipamba kwa hotuba. Wanakuonyesha mwanamke akiruka au asiruke. Msimu wa 2, kwenye sehemu ya 6, mapatano yanavunjwa ulingoni na mguu wa mtu unavunjika kweli, na inakuuma kuliko jengo lolote linaloporomoka kwenye filamu za Marvel, kwa kuwa umeshafundishwa kwa sehemu 15 zilizotangulia kwamba kuumizana ndiko kuliko rahisi, na kutoumizana ndiyo kazi.

Waigizaji walifundishwa na Chavo Guerrero Jr., aliyewahi kupigana WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani. Baba yake mdogo, Mando Guerrero, ndiye aliyewafundisha wanawake wa GLOW ya asili miaka ya 1980. Mratibu wa matukio ya hatari, Shauna Duggins, alipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 2018 kwa kazi hii, mwanamke wa kwanza kushinda Emmy ya uratibu wa matukio ya hatari, akashinda tena 2019. Sehemu kubwa ya unachokiona ni waigizaji wenyewe wakianguka, ndiyo maana kamera haihitaji kukatakata picha kila sekunde kuficha uso wa mtu mwingine.

Kichekesho kidogo cha kuangalia: Kia Stevens, anayeigiza Tammé, ndiye mwanamieleka halisi kwenye kundi kuu la waigizaji. Amepigana Japani na Marekani, akajulikana kama Awesome Kong. Humo ndani inambidi ajifanye hajui kuanguka. Mtazame miguu yake kwenye mazoezi ya msimu wa kwanza. Anakosea kwa ustadi.

Upande wa mashujaa wa katuni, kipigo ni shughuli nyingine. Shujaa mwenye nguvu za ajabu akimgusa mtu, mtu huyo huvutwa nyuma kwa waya, na kompyuta hufuta waya baadaye. Hakuna ubaya, ila kuna gharama: mwili wa anayepigwa hauna uzito, na mwili wa anayepiga hauna juhudi. Jessica Jones ndiyo inayoumia zaidi hapa. Jessica ana nguvu za kuinua gari, lakini ugomvi wake mwingi ni kusukuma: anasukuma, mtu anaruka ukutani, basi. Ukiichagua kwa ajili ya ngumi utajuta kabla ya sehemu ya nne. Ukitaka ngumi hasa kutoka familia hiyohiyo, itafute Daredevil, na uanze na ule ugomvi wa kwenye korido wa sehemu ya 2, msimu wa 1, ambapo shujaa anachoka mpaka anaegemea ukuta.

Adui ndiye fundi

Kwenye mieleka, mara nyingi anayeongoza pambano ni mbaya wake. Yeye ndiye anayepanga mwendo, anayejua lini aachie kabali, lini apige kelele watazamaji wachukie, na lini aanguke ili steringi aonekane simba. Ruth anaifahamu siri hii mapema kuliko wenzake. Zoya anachukiwa kwa hiari ili Liberty Belle apendwe, na anayeteseka kumjengea Debbie ufalme ni mwanamke yuleyule aliyembomolea ndoa. Tamthilia haikuelezi hivyo popote. Unaliona jambo lenyewe kila Zoya anapopanda ulingoni na ile lafudhi yake ya Kirusi cha kubuni.

Ubaya wa ulingoni una upande wake wa giza, na GLOW inaugusa bila kuoshea mikono. Kila mwanamke anapewa jina la kazi kutokana na sura yake: Arthie, mwenye asili ya India, anageuzwa gaidi wa Beirut, Jenny, wa asili ya Kambodia, anakuwa Fortune Cookie, Tammé, mwanamke mweusi, anakuwa Welfare Queen, yaani malkia wa kula misaada ya serikali. Sehemu ya 4 ya msimu wa 2 inamleta mtoto wa Tammé, mwanafunzi wa Stanford, kuja kumwangalia mama yake kazini. Ukumbi mzima unaimba kumwambia mama akatafute kazi, na kamera inabaki kwenye uso wa kijana. Hakuna muziki wa kukuambia ulie. Kama una muda wa sehemu moja tu ya kupima kama GLOW inakufaa, ni hiyo, ingawa itakufaa zaidi ukiifikia kwa mpangilio.

Na hapa ni haki kusema GLOW ilipopungua. Wanawake hao wanapewa tukio moja zuri kila mmoja, kisha hadithi inarudi kwa Ruth, Debbie na Sam. Waigizaji sita wasio wazungu waliwaandikia watayarishaji barua kulalamikia jambo hilo wakati msimu wa 4 unaandaliwa, na Sunita Mani (Arthie) aliiweka hadharani baada ya tamthilia kufutwa mwaka 2020. Walikuwa sahihi. Carmen wa msimu wa kwanza, binti wa ukoo wa wanamieleka anayeganda kwa woga mbele ya watu, angeweza kubeba msimu mzima.

Sasa wapime wengine kwa adui wao.

Jessica Jones, msimu wa 1 (Novemba 2015), ina adui bora kuliko wote: Kilgrave, David Tennant, mtu ambaye akikuamuru jambo kwa sauti yake unalifanya. Hahitaji misuli. Hadithi ni ya mwanamke aliyewahi kuwa chini ya amri hiyo na sasa anasikia kwamba mwanamume huyo yu hai. Krysten Ritter anaigiza mwili uliozoea kujilinda: mabega yamepanda, mkono uko karibu na chupa. Sehemu ya 9, wanapomfungia adui kwenye chumba cha vioo, ni kilele. Baada yake kuna sehemu tatu za kuzungukazunguka, kwa sababu Netflix ilitaka sehemu 13 na hadithi ilikuwa na 10. Msimu wa 2, ambao sehemu zake zote ziliongozwa na wanawake, una nia njema lakini hauna Kilgrave wa kutosha, na inaonekana. Adui akiondoka, steringi anabaki akinywa na kugombana na majirani. Msimu wa 3 unajitahidi zaidi, hasa kuhusu Trish, dada yake wa kulelewa, ila ni kwa aliyekwisha kunasa.

WandaVision (Januari hadi Machi 2021) inamficha adui kwa makusudi. Wanda, mwanamke mwenye nguvu za kichawi, na mpenzi wake Vision wanaishi ndani ya kipindi cha vichekesho cha zamani, na sehemu nyingi zinaruka muongo: miaka ya 1950, 1960, 1970, na kuendelea. Sehemu ya kwanza ilirekodiwa mbele ya watazamaji walioketi, kama vipindi vya enzi hizo, na sahani zinazoelea jikoni zilishikwa kwa waya. Adui halisi ni msiba: Wanda amefiwa, na hataki kukubali. Kathryn Hahn kama Agnes, jirani wa mlango wa pili, anaiba kila tukio analoingia. Halafu sehemu ya 9 inafika, na wachawi wawili wanarushiana mwanga angani kwa dakika nyingi, kama vile mtu mwingine ameshika usukani. Hilo ndilo tatizo sugu la Marvel: hadithi yoyote, hata ya msiba, lazima iishie hewani.

Ms. Marvel (Juni na Julai 2022) ina adui dhaifu kuliko wote, kundi linalotaka bangili kwa sababu zinazoelezwa haraka haraka. Msamehe, kwa kuwa nyumba ya Kamala Khan inalipa deni. Kamala (Iman Vellani, aliyezaliwa Karachi na kukulia Kanada) ni msichana wa Jersey City mwenye mama mkali, baba mcheshi, kaka mcha Mungu na msikiti wenye siasa zake. Viatu vinaibwa msikitini; uchaguzi wa bodi ya msikiti unakuwa kampeni kamili. Msomaji wa Mombasa au Unguja hatahitaji tafsiri. Sehemu ya 4 na ya 5 zinahamia Karachi na kurudi hadi mwaka 1947, Uhindi ilipogawanywa, na ile stesheni ya treni iliyofurika watu ni tukio ambalo Marvel haijawahi kulifanya kabla.

Watchmen (Oktoba hadi Desemba 2019) ndiyo ngumu na ndiyo bora. Inaanza na mauaji ya Tulsa ya mwaka 1921, wazungu walipouteketeza mtaa wa Greenwood wa watu weusi, na kumleta Angela Abar (Regina King), askari anayevaa kofia ya kitawa na kujiita Sister Night kwa kuwa polisi wa Tulsa wanafunika nyuso. Adui amefichwa ndani ya sheria yenyewe. Sehemu ya 6, karibu yote kwa rangi nyeusi na nyeupe, inaeleza shujaa wa kwanza mwenye barakoa aliivaa kwa nini, na baada ya hapo huwezi tena kumtazama shujaa yeyote mwenye barakoa kama zamani. Ilipata Emmy 11 mwaka 2020.

Zimegeuza nini kutoka chanzo

Wapenzi wa vitabu vya katuni hugombana sana hapa, mara nyingi kwa jambo dogo. Ms. Marvel ilibadilisha nguvu zenyewe: kwenye kitabu cha G. Willow Wilson na Adrian Alphona, kilichoanza 2014, Kamala hurefuka na kutanuka. Kwenye skrini anatoa mwanga unaoganda kama kioo. Hilo lina uzito, kwa sababu mwili unaonyumbulika ulikuwa fumbo zuri la msichana asiyejua anatakiwa awe na umbo gani, na mwanga unafanana na wa mashujaa wengine kumi. Ukipenda tamthilia, tafuta juzuu ya kwanza ya kitabu, iliyoshinda tuzo ya Hugo mwaka 2015.

Jessica Jones inatoka Alias ya Brian Michael Bendis na Michael Gaydos (2001 hadi 2004, matoleo 28). Kitabuni Kilgrave anajitokeza mwishoni. Tamthilia ilimvuta mbele akawa uti wa mgongo. Uamuzi wa akili kuliko wowote kwenye orodha hii.

Watchmen ya Damon Lindelof haikurudia kitabu cha Alan Moore na Dave Gibbons (matoleo 12, 1986 na 1987). Ni mwendelezo wake, zaidi ya miaka 30 baadaye. Hapa kuna mtego. Filamu ya 2009 ya Zack Snyder ilibadilisha mwisho wa kitabu: ikamtoa yule ngisi mkubwa anayeangushwa New York. Tamthilia inafuata kitabu. Aliyeona filamu peke yake atashangaa ngisi wadogo wananyesha kutoka wapi. Kama huna muda wa kitabu kizima, soma walau matoleo mawili ya mwisho.

WandaVision haikudai kitabu, inadai filamu. Angalia Avengers: Age of Ultron (2015) na Avengers: Infinity War (2018) kabla, na ujue kwamba Endgame (2019) ipo. Bila hizo utaona vichekesho vya zamani visivyochekesha.

GLOW haidai chochote. Hata kama hujawahi kuona mieleka, Debbie naye hajawahi. Msimu wa kwanza anapelekwa kwenye pambano la wanaume, anaangalia wale majitu yakilia na kulaumiana, na kugundua kwamba ni ileile tamthilia ya mchana aliyokuwa akiigiza. Kuanzia hapo anaweza kazi. Nawe utaweza.

Bando, familia na mahali pa kuziona

GLOW iko Netflix, iliyofika karibu nchi zote za Afrika Januari 2016. Kwenye simu, ukiweka mpangilio wa kuokoa data, Netflix hukadiria saa 6 kwa GB moja; msimu mmoja wa GLOW hautazidi GB 1, na yote mitatu inaingia kwenye GB 3. Ukipandisha ubora, hesabu inapanda mara nyingi. Kwa GLOW ubora wa chini unavumilika kwenye mazungumzo, ila mapambano yanapoteza utamu. Pakua zile za ulingoni kwa ubora wa juu kwenye Wi-Fi ya mtu.

Jessica Jones usiitafute Netflix: ilihamia Disney+ Machi 2022, pamoja na Daredevil. WandaVision na Ms. Marvel ziko hukohuko. Disney+ ilipoingia Afrika Kusini Mei 2022, Kenya na Tanzania zilibaki nje, kwa hiyo hakikisha huduma inauzwa ulipo kabla ya kutoa kadi. Walio Uingereza, Marekani na Kanada hawana shida hiyo.

Ukiwa na watoto au wazazi sebuleni: Ms. Marvel bila wasiwasi, WandaVision pia. GLOW ina watu uchi kuanzia sehemu ya kwanza, dawa za kulevya, na sehemu ya 8 ya msimu wa 1 inahusu kutoa mimba. Jessica Jones inazungumzia ubakaji tangu mwanzo mpaka mwisho, na Watchmen ina damu na mauaji ya kibaguzi yasiyofichwa. Hizo tatu ni za kuangalia peke yako au na mtu mzima mwenzio.

Basi uchukue ipi

Kama unapenda tamthilia za usaliti, wivu na kazi za jukwaani, na hujali katuni: GLOW, leo hii. Kama ni mtu wa katuni na umechoshwa na miji inayoporomoka: GLOW pia, kwa sababu ni hadithi ya mashujaa wenye mavazi ambao nguvu yao pekee ni kuaminiana. Mpelelezi mlevi na adui wa kutisha usiku wa manane: Jessica Jones, msimu wa 1, halafu simama. Wikiendi moja na mdogo wako wa miaka 13: Ms. Marvel. Unayetaka kuumiza kichwa: Watchmen, na usiangalie zaidi ya sehemu mbili kwa siku. WandaVision ni ya aliyekwisha kuzifuata filamu za Marvel. Wengine waiweke pembeni.

Tahadhari moja kuhusu GLOW. Msimu wa 4 uliahidiwa kuwa wa mwisho, ukaanza kurekodiwa mwaka 2020, korona ikasimamisha kazi Machi, na Netflix ikaufuta Oktoba. Msimu wa 3 kwa hiyo unaishia uwanja wa ndege, katikati ya mabishano. Msimu huo pia una mieleka kidogo: kundi limehamia Las Vegas kurudia onyesho lilelile kila usiku, na uchovu wao unaingia hata kwenye tamthilia. Una vito vyake (sehemu ya 5, wanawake wanapobadilishana majina ya kazi, ni kicheko kitupu), na Geena Davis yumo kwa madaha yake yote. Lakini kama hupendi hadithi isiyofungwa, ishia sehemu ya 10 ya msimu wa 2. Onyesho la mwisho limekwisha, wanawake wamejazana kwenye basi, jangwa liko mbele yao, na hapo unaweza kuzima.